Nani Alimlipia Daktari? Ada ya Udaktari Pande Mbili za Ruvuma

Mwaka jana, wakati wa kaskazi, dada yangu aliweka karatasi mbili juu ya mkeka wa bibi yetu huko Quionga. Ya kwanza ilikuwa barua ya chuo kimoja cha binafsi ng'ambo ya mto, iliyosema kwamba amepokelewa kusomea udaktari wa tiba. Ya pili ilikuwa orodha ya malipo: ada ya mwaka, usajili, mitihani, maabara, bima, hata koti jeupe. Dada yangu si mtoto wa shule. Ana shahada ya uuguzi, amehudumu miaka minne katika kituo cha afya, na amezalisha wanawake kwa mwanga wa simu. Bibi anasoma Msahafu lakini hasomi herufi za Kizungu, hivyo alisomewa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Wewe si ulishatoa kilemba? Mbona wanakutoza ada tena?"

Tulicheka. Nilipoanza kutafuta mada ya insha hii niliona kwamba tulicheka mapema, kwa sababu bibi alikuwa ameuliza swali la kihistoria.

Katika pwani yetu neno "ada" ni la zamani kuliko chuo kikuu chochote. Maana yake ya kwanza ni desturi, na kutokana na hiyo, malipo ambayo desturi inayadai. Mtoto aliyepelekwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kijana aliyekwenda kujifunza useremala au uhunzi, na hata mwanafunzi wa mganga, wote walitoa ada wakati wa kuingia. Wakati wa kujifunza walimfanyia mwalimu kazi: kuteka maji, kulima, kukata kuni. Walipohitimu walitoa kilemba, yaani zawadi ya kumshukuru fundi, na baada ya hapo mtu alikuwa fundi kwa haki yake. Kwa hesabu ya bibi, dada yangu alishatoa kilemba chake siku alipopata shahada ya uuguzi. Kumwita mlangoni mara ya pili na kumwambia atoe ada upya ni kuivunja ada yenyewe.

Swali langu basi ni hili: tangu udaktari wa hospitali ulipofika kwetu, nani amekuwa akilipa ada yake? Na kwa nini mtu anayerudi mara ya pili, ambaye tayari ana cheti na ujuzi, ndiye asiyepata wa kumlipia?

Lazima nianze na mpaka, kwa kuwa kwetu hakuna hesabu inayoanza mahali pengine. Quionga ni mahali padogo, lakini pamebadilishwa bendera mara nyingi. Mwaka 1887 Wareno waliipiga Tungi kwa mizinga na kuitwaa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1894 Wajerumani walishika Kionga, kusini mwa mdomo wa Ruvuma, wakaitia katika koloni lao la Afrika Mashariki. Aprili 1916, katikati ya Vita Kuu, askari wa Ureno waliiteka, na mwaka huohuo wakachapa jina KIONGA juu ya stempu zilizotengenezwa kwa ajili ya Lourenço Marques, kana kwamba barua ndizo zitakazothibitisha ushindi. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaipa Ureno eneo hilo. Wakusanyaji wa stempu huko Ulaya wanaijua Kionga kuliko wanavyoijua watu wa Maputo.

Kwa hiyo ndugu waliobaki Msimbati na Mtwara wakawa watu wa Tanganyika, chini ya Waingereza, na sisi tukawa watu wa Ureno. Lugha zetu ni zilezile, Kimakwe na Kiswahili, na mazishi bado tunazikana. Lakini mtoto wa upande mmoja aliyetaka kuwa daktari alielekea Kampala, na wa upande wa pili, kama njia ilikuwapo, alielekea Lisbon.

Makerere ilianza mafunzo ya udaktari mwaka 1924, na kwa miongo minne ndiyo iliyokuwa mlango wa Waafrika wa Tanganyika. Ada haikuwa jambo la mwanafunzi peke yake. Ililipwa na serikali, na misheni, na wakati mwingine na hazina za wenyeji. Wilaya zenye kahawa, kama Kilimanjaro na Bukoba, ziliweza kuchangia masomo ya watoto wao. Pwani ya kusini haikuwa na kahawa. Ilikuwa na mkonge wa mwenyewe tajiri, chumvi, korosho, na baada ya mwaka 1947 kwa muda mfupi mradi wa karanga wa Nachingwea ambao ulikufa haraka. Sishangai kwamba katika kumbukumbu za ukoo wetu wa upande wa Mtwara kuna makarani na walimu wa madrasa, lakini hakuna daktari.

Upande wa Ureno mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Kusini mwa Quionga ilitawala Kampuni ya Niassa, iliyopewa mkataba mwaka 1891 na kuushika hadi 1929, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya kodi ya kibanda na kuwakamata watu kwa kazi za lazima. Wengi walivuka mto kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika ili kuikimbia. Hata baada ya Kampuni kuondoka, Mwafrika wa kawaida alihesabiwa "mwenyeji" chini ya sheria maalumu iliyofutwa mwaka 1961 tu, na njia ya kufika sekondari ya serikali ilikuwa ya wachache waliokubaliwa kuwa wamekuwa kama Wareno. Msumbiji haikuwa na elimu ya chuo kikuu mpaka ilipoanzishwa mwaka 1962, na masomo, yakiwemo ya udaktari, yalianza 1963. Waliojaa madarasani walikuwa watoto wa walowezi.

Watu wawili wanaonyesha vizuri hali ilivyokuwa. Samora Machel, mtoto wa mkulima wa Gaza, alisomea uuguzi huko Lourenço Marques miaka ya 1950, akafanya kazi hospitali mchana na kusoma usiku. Aliona kwa macho yake kwamba muuguzi mweusi na mweupe wanaofanya kazi moja hawapati mshahara mmoja. Hakuwa daktari. Alivuka kuja Tanganyika mwaka 1963 na mengine yanajulikana. Mwingine ni Pascoal Mocumbi. Yeye alifika Lisbon na kuanza udaktari, akaondoka mwaka 1961 pamoja na wanafunzi wengine wa makoloni waliotorokea Ufaransa, akawa miongoni mwa waanzilishi wa FRELIMO mwaka 1962, kisha akaanza tena. Shahada yake ya udaktari aliipata Lausanne, Uswisi, mwaka 1973. Baadaye akawa Waziri wa Afya na hatimaye Waziri Mkuu. Ninamtaja kwa sababu ni mtu wa mara ya pili, kama dada yangu. Kama Lausanne isingempokea mtu aliyekwisha kuacha masomo mara moja, Msumbiji ingempoteza daktari.

Sasa nafika sehemu ambayo wenzangu wengi darasani huieleza kwa maneno mawili: elimu ya bure. Baada ya uhuru, husema, serikali zililipa kila kitu, kisha wakaja watu wa benki na kuharibu. Sikubaliani nao kabisa. Ada haikufutwa. Ilibadilishwa kutoka fedha kuwa miaka ya mtu.

Dar es Salaam, Oktoba 1966. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa vyuo watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa miezi 18 ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara wao. Hoja ilikuwa wazi: wakulima ndio waliolipia masomo yenu, rudisheni. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana kupinga. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400 warudi makwao, na siku hiyohiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa baadaye.

Mwaka na nusu haukupita, na katika jiji hilohilo, Wamsumbiji nao wakagombana juu ya jambo hilohilo. FRELIMO ilikuwa na shule yake ya sekondari Dar es Salaam, Taasisi ya Msumbiji, iliyoongozwa na Janet Mondlane. Uongozi ulitaka wanafunzi wakatishe masomo kwa muda na kwenda kutumikia ndani ya nchi, kwenye maeneo yaliyokombolewa. Wanafunzi wengi walikataa. Walitaka kumaliza, na walitaka nafasi za kusoma ng'ambo. Machi 1968 shule ilifungwa. Mtu anaweza kuwaita wabinafsi, na FRELIMO iliwaita hivyo. Lakini hapo hapo kusini, Mtwara, FRELIMO ilikuwa na hospitali iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka huohuo wa 1968, na majeruhi walibebwa kwa machela kutoka Cabo Delgado kuvuka Ruvuma kuifikia. Waliowahudumia walikuwa zaidi vijana waliofundishwa kwa miezi michache. Nani alikuwa na haki, kijana aliyetaka miaka saba ya udaktari kwanza, au majeruhi aliyehitaji mtu wa kumfunga jeraha leo? Nimeligeuza swali hili mara nyingi na bado sina upande.

Uhuru ulipofika mwaka 1975 swali lilirudi kwa nguvu zaidi. Julai 24 ya mwaka huo afya na elimu zilitaifishwa. Wareno walikuwa wakiondoka kwa makundi. Kati ya madaktari zaidi ya 500 waliokuwapo, walibaki chini ya 100 kwa nchi nzima. Machi 8, 1977, Samora aliwaita wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari na kuwaambia waache mipango yao na wapokee kazi watakazopangiwa. Waliotaka uhandisi walipelekwa kufundisha, waliotaka sheria walipelekwa kwingine, na wapo waliopangiwa udaktari. Hadi leo wanaitwa kizazi cha Machi 8, na ni jina la heshima. Mwaka huohuo vijana wa kwanza walipanda meli kwenda Kuba, Kisiwa cha Vijana, kusoma. Hakuna aliyeulizwa ada. Lakini hakuna pia aliyeulizwa anataka nini.

Hebu nifanye hesabu ndogo. Mhitimu wa Tanzania wa mwaka 1966 alitakiwa aache asilimia 60 ya mshahara kwa miezi 18. Hiyo ni sawa na mishahara 10.8 kamili. Mhitimu wa leo aliyesoma kwa mkopo wa Bodi hukatwa asilimia 15 kila mwezi tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016. Mshahara ukiwa uleule, makato hayo yanafika mishahara 10.8 baada ya miezi 72, yaani miaka 6. Baada ya hapo, kama deni halijaisha, anaendelea. Vijana wa 1966 waliandamana kwa mzigo ambao sisi tunausaini kwenye fomu bila kusoma nyuma ya ukurasa.

Katika miaka hiyo ya shida, hata hivyo, nchi zetu mbili zilifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo jibu bora kwa swali la bibi. Zilimtambua mtu wa mara ya pili. Tanzania ilikuwa na ngazi ya daktari msaidizi: tabibu aliyekwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa alirudi chuoni kwa miaka 2 zaidi, kisha akapewa mamlaka makubwa zaidi, pamoja na upasuaji wa kuzalisha. Msumbiji, vita ikiwa imepamba moto, ilianza mwaka 1984 kuwafundisha mafundi wa upasuaji kwa miaka 3. Waliochukuliwa hawakuwa vijana wa sekondari, walikuwa wahudumu wa afya wenye uzoefu wa wilayani. Serikali iliwalipia, na haikuwaambia kwamba wameshakula sehemu yao.

Matokeo yake yamepimwa. Tafiti zilizochapishwa miaka ya 2000 zilionyesha kwamba upasuaji mkubwa wa uzazi katika hospitali za wilaya za Msumbiji, zaidi ya asilimia 90, ulifanywa na mafundi hao. Na walipowafuatilia baada ya miaka 7, karibu 9 kati ya 10 waliopelekwa wilayani walikuwa bado wako wilayani. Kati ya madaktari waliopelekwa huko wakati uleule hakubaki hata mmoja. Ninaandika sentensi hii polepole kwa sababu mama yangu alipasuliwa kwa ajili yangu katika hospitali ya wilaya, na aliyempasua hakuwa daktari. Ni yeye niliyemfikiria niliposoma takwimu hizo maktabani.

Lakini fundi wa upasuaji hakuwa daktari, na ngazi yake ilikuwa na dari. Aliyetaka kupita dari hiyo alikuta mlango wa chuo kikuu uko palepale ulipokuwa, na kwamba anaingia kama aliyetoka sekondari jana. Tanzania nayo imeacha kuwafundisha madaktari wasaidizi.

Mabadiliko ya fedha nitayapitia haraka kwa kuwa yanajulikana. Msumbiji ilianza mpango wa kurekebisha uchumi mwaka 1987, ikaruhusu tiba ya binafsi kwa sheria ya mwisho wa 1991, na vyuo vikuu vya binafsi kwa sheria ya 1993. Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilifungua udaktari Beira mwaka 2000. Kaskazini tulisubiri zaidi: Chuo Kikuu cha Lúrio, cha serikali, kilianza udaktari Nampula mwaka 2007, na kina mpango mzuri wa kumuunganisha kila mwanafunzi na familia moja ya mtaani ambayo anaitembelea na kuifuatilia. Tanzania ilianza kuchangia gharama miaka ya mwanzo ya 1990, vyuo vya udaktari vya binafsi na vya dini vikafuata kabla ya muongo kwisha, na Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi 2005. Kwetu husema "bolsa", wao husema "mkopo". Tofauti ni kwamba bolsa hairudishwi lakini ni ya wachache, na mkopo ni wa wengi lakini unakufuata mpaka kwenye karatasi ya mshahara.

Vyote viwili vilitengenezwa kwa kijana wa miaka 19 anayeingia mara ya kwanza. Kuna nchi zilizofikiria vingine. Uingereza, kwa mfano, baadhi ya vyuo vina kozi ya udaktari ya miaka 4 kwa wenye shahada. Mwaka wa kwanza mwanafunzi hutoa sehemu ya ada mfukoni mwake, na kuanzia wa pili huduma ya afya ya taifa humchangia. Marekani mtu hawezi kuingia udaktari bila kwanza kusoma chuo kikuu kwingine, na huko deni ni la kutisha. Kwetu hakuna njia ya mkato ya namna hiyo. Dada yangu, ambaye anajua kutundika dripu na kusoma chati ya uchungu, ataanza na somo la mifupa pamoja na watoto waliotoka kidato cha sita, na atamaliza miaka 5 yote.

Alijaribu kwanza nyumbani. Ofisi moja ilimwambia kwa upole kwamba alishapata bolsa kwa shahada ya kwanza, na foleni ni ndefu. Alipopata nafasi Tanzania, aliambiwa jambo ambalo alilijua: mkopo ni wa raia. Bibi alipoelezwa hili la pili alikasirika kweli. Baba yake bibi, kwa simulizi za ukoo, alizaliwa wakati bendera ya Mjerumani inapepea Kionga, bendera ileile iliyopepea Mtwara. Kwa bibi, kama mtu atazaliwa chini ya bendera moja na ndugu zake wa Msimbati kisha mjukuu wa kitukuu chake aitwe mgeni kwa sababu ya Mreno wa 1916, basi stempu zile zina nguvu kuliko damu. Sikuweza kumbishia, ingawa najua kwamba Bodi haiwezi kuendeshwa kwa nasaba.

Kwa hiyo analipa ukoo, kama zamani. Si rahisi. Mjomba aliyekuwa na kazi ya udereva Afungi aliipoteza baada ya mashambulizi ya Palma ya Machi 2021, mradi wa gesi uliposimamishwa, na hajapata nyingine ya kudumu. Mwaka ule nyumba yetu Quionga ililaza watu 31 waliokimbia, na mashua ya baba iliyovusha watu ilirudi imepasuka mbavu. Ndugu wa Msimbati, wale wenye uraia, wametoa ng'ombe mmoja. Shangazi ameahidi mavuno ya minazi. Dada mwenyewe anaweka akiba ya mishahara yake, na amekubaliana na kituo chake kwamba atarudi likizo kushika zamu, jambo ambalo hakuna sheria inayomlazimisha kulifanya.

Awamu ya kwanza ililipwa Septemba. Karatasi ya malipo inakaa ndani ya mfuko wa Msahafu wa bibi, na mbele ya kila awamu baba ameandika kwa kalamu ya risasi jina la atakayetoa. Awamu ni 10. Ya tisa na ya kumi bado hazina jina.